Mtetezi Wetu Akigombea Uongozi, Nasi Tuna Wajibu Gani?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Ngana, Wilaya ya Kyela)





Mada tuliyopewa na Tume ya Haki na Amani yahusu jambo ambalo kila mmoja wetu amewahi kulizungumza njiani akitoka shambani au gulioni, lakini mara chache tumeliweka mbele yetu na kulichambua. Mtu wa kazi za mikono, ambaye kwa miaka mingi amewatetea wenzake bila cheo wala malipo, siku moja anajitokeza kugombea uongozi wa kitongoji, wa kijiji au wa kata. Sisi tuliobaki tuna wajibu gani juu yake?

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme wazi yale ambayo hatutayafanya leo. Hatutamtaja mgombea yeyote, wala chama chochote hatutakipigia debe. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 285 na ya 287, inatukataza sisi makleri kushika madaraka ya kiserikali na kushiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa. Ninyi walei hamkukatazwa. Kinyume chake, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza wenye uwezo wajiandae kwa kazi hiyo ngumu lakini yenye heshima. Kazi yetu sisi ni kuwasaidia kupima. Kuchagua ni kazi yenu.

1. Mtetezi tunamjua kwa matendo yake

Mtetezi tunayemsema hatuna haja ya kumtafuta mbali. Ni mkulima wa mpunga anayekataa gunia la lumbesa, akadai mzigo upimwe kwa mizani iliyo halali. Ni mama mwenye miche michache ya kakao anayewaonya majirani wasiuze matunda yakiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Ni kijana anayebeba mizigo pale mpakani Kasumulu, ambaye mwenzake akidhulumiwa ujira wake yeye huenda naye kudai. Mto Songwe unapofurika, huyu ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu waliopoteza chakula, kisha huipeleka orodha kwa Mtendaji. Katika mkutano mkuu wa kijiji yeye ndiye anayesimama na kuuliza: fedha za kijiji ziliingia kiasi gani, na zimetumika wapi?

Jambo hili si geni katika nchi hii. Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na machifu wa ukoo, lakini wakuu wa vijiji, wale walioitwa amafumu, walitoka kwa watu wa kawaida. Cheo hicho hakikupatikana kwa kuzaliwa nyumbani mwa chifu. Mkuu wa kijiji alikuwa mtu wa rika, aliyelima kama wenzake na kula nao, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kumwambia chifu ukweli pale watu wanapoumia. Hivyo anayedhani kwamba uongozi ni wa wenye magari na suti peke yao hajaletewa fikra hiyo na mababu zake.

2. Sheria inadai nini?

Wapo wanaowavunja moyo watu wa aina hii kwa kusema, "Huyu hana elimu, huyu hana kitu." Basi na tuitazame sheria. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Mojawapo, Sheria Na. 7 ya mwaka huo, ndiyo inayoweka halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na juu yake mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Anayetaka udiwani hutakiwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama cha siasa. Sheria haikudai shahada, wala nyumba ya bati, wala fedha benki.

Kikwazo kimoja yatupasa tukitaje. Nchini kwetu hakuna mgombea binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki za raia, lakini mlango huo haujafunguliwa. Kwa hiyo mtetezi wetu hana budi kupita kwanza katika kura za maoni ndani ya chama. Hapo wapiga kura huwa wachache, na palipo na wachache fedha hufanya kazi kwa urahisi. Wengi walioshindwa walishindwa hapo, kabla jirani zao hawajapata nafasi ya kuwapigia kura.

3. Mfano mmoja wa kujifunzia

Katika Afrika Mashariki tunao mfano ulioandikwa katika historia. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, nchini Kenya, katika shamba la mkonge ambamo baba yake alifanya kazi. Alisoma katika shule za misioni za Kikatoliki, akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Huko aliona kwamba mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu hufanya kazi ile ile, lakini mshahara wa Mwafrika ni sehemu ndogo tu ya ule wa mwenzake. Hakulalamika peke yake. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake wa halmashauri hata wakawa na chama cha wafanyakazi chenye wanachama, ada, vikao na kumbukumbu.

Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952 na chama cha KAU kupigwa marufuku mwaka 1953, vyama vya wafanyakazi vilibaki kuwa miongoni mwa sauti chache halali za Waafrika wa Kenya. Mboya, akiwa bado kijana wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mwezi Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikwenda kuwasemea, na usuluhishi ukawapatia nyongeza iliyokaribia theluthi moja ya mshahara.

Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wenyewe haukuwa wa haki. Mtu alipewa kura moja, mbili au tatu kwa kipimo cha elimu, mapato na mali yake, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na hati za kuthibitisha utii wao kwa serikali. Hata hivyo Mboya aligombea kiti cha Nairobi. Aliyeshindana naye alikuwa C. M. G. Argwings-Kodhek, mwanasheria wa kwanza Mwafrika nchini humo, na Mboya alishinda.

Tuwe waangalifu hapa. Hatusemi kwamba mkaguzi alikuwa mwema na mwanasheria mbaya. Argwings-Kodhek naye alikuwa mtetezi: aliwasimamia mahakamani watuhumiwa wa Mau Mau wakati kufanya hivyo kulikuwa hatari. Tena kiti kile kilikuwa cha baraza la nchi nzima, si cha kijiji. Lakini tofauti ya njia zao yatufundisha. Mmoja aliwatetea watu mmoja mmoja kwa ujuzi wake mwenyewe. Mwingine aliwazoeza watu kujitetea kwa pamoja, akawaachia chama kilichoweza kukutana hata asipokuwapo.

Hiki ndicho kipimo cha kwanza tunachowapa. Mtu anapokuja kwenu akisema, "Mimi ni mtetezi wenu," msiishie kuuliza amewasaidia wangapi. Ulizeni pia: Je, waliosaidiwa naye leo wanajua kuandika barua yao wenyewe kwa Mtendaji? Je, wanajua siku ya mkutano mkuu na haki yao ya kuuliza? Kama kila kitu bado kinamsubiri yeye, basi huyo amejijengea wateja. Akiwa na cheo, wateja hao watageuka kuwa waombaji mlangoni pake.

Wala kipimo hiki si cha wanaume peke yao. Bibi Titi Mohamed hakuwa na elimu kubwa wala mali. Alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam aliyejulikana kwa uimbaji katika vikundi vya ngoma, lakini tangu mwaka 1955 aliwaingiza wanawake kwa maelfu katika TANU, kwa sababu alijua walipokutana na lugha waliyosemeshana. Katika jumuiya zetu wanawake ndio wengi katika kazi, na huwa wachache inapofika siku ya kuchukua fomu. Tujiulize ni nani anawarudisha nyuma.

4. "Mkono mtupu haulambwi"

Methali hii tunaijua sote, na wakati wa uchaguzi hutumiwa vibaya kuliko methali nyingine yoyote. Mgombea maskini akifika kijijini na daftari lake, watu humwuliza, "Umetuletea nini?" Asipoleta chumvi, sabuni, kanga au fedha ya pombe, husemwa kwamba ni bahili au kwamba hajajiandaa.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kawaida au wa jadi unaotolewa kwa nia njema. Watetezi wa haki za binadamu walikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Moja ya sababu zake yatuhusu sana sisi wa vijijini: takrima inawabagua wagombea, kwa kuwa tajiri aweza kukirimu na maskini hawezi. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili kuweka mipaka na kudai hesabu. Sheria basi ipo. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila jiko usiku wa kuamkia kura.

Ndugu wapendwa, tufanye hesabu ndogo. Kiongozi huchaguliwa kwa miaka mitano, yaani miezi 60. Kilo moja ya sukari ikigawanywa kwa miezi hiyo ni gramu zisizofika 17 kwa mwezi, na hizo hazitoshi kukoleza chai ya familia kwa siku moja. Kwa bei hiyo tunaiuza mizani ya mpunga, dawa ya zahanati na daraja la kwenda shuleni. Tena aliyenunua hudai faida. Hawezi kurudisha fedha yake kwa posho ya vikao. Ataitafuta katika ardhi ya kijiji, katika zabuni na katika ushuru.

Lipo pia dhara ambalo hatulioni upesi. Tunapomwomba mtetezi maskini kile asichokuwa nacho, tunamfukuza kwenda kukikopa. Atakwenda kwa mfanyabiashara yule yule anayetupunja kwenye mizani. Akishinda, siku ya kuijadili mizani hiyo atanyamaza, kwa sababu deni limemfunga mdomo. Nasi tutasema, "Ameharibika baada ya kupata cheo." Kweli yenyewe ni kwamba kuharibika kwake kulianza siku tuliponyosha mkono.

Kwa hiyo, mtu tuliyemwambia, "Wewe gombea," hatuna haki ya kumwacha abebe gharama peke yake. Zipo njia halali na nyepesi za kumsaidia. Mwenye baiskeli amwazime, mwenye mwandiko mzuri aisome fomu yake mara mbili kabla haijarudishwa, na mwenye uji awapikie wanaozunguka naye. Michango ya fedha, ikiwapo, ipitie katika utaratibu wa chama chake na sheria ya gharama. Lakini sadaka ya kanisa isiguswe, wala jumuiya isigeuzwe kuwa tawi la chama. Katika jumuiya zetu wamo watu wa vyama mbalimbali, na hapa Kyela majirani zetu wengi ni Wamoravian na Walutheri. Mtetezi wa kweli ni wa wote hao, na anayetaka kulifanya kanisa kuwa ngazi yake tayari ametuonyesha jinsi atakavyoitumia ofisi.

5. Baada ya kushinda

Turudi kwa Mboya. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Kazi, na mwezi Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa uhusiano kazini ulioufanya mgomo kuwa njia ya mwisho. Mwaka 1965, akiwa tayari katika wizara nyingine, sheria iliubana mgomo zaidi, na vyama vikawekwa chini ya shirikisho moja. Wapo waliosema amewaacha makuli wake. Wengine walijibu kwamba taifa changa lilihitaji utulivu ili kazi zipatikane. Mwaka 1969, tarehe 5 Julai, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, akiwa na miaka 38. Hatuko hapa kumhukumu marehemu. Tunachojifunza ni hiki: mtu akihamia upande mwingine wa meza, huanza kuuona mzigo wa upande ule. Si lazima awe msaliti, ila anahitaji watu wa kumkumbusha alikotoka.

Watu hao ni ninyi, na mahali pa kumkumbusha ni mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mara ngapi tumesikia mbiu tukabaki nyumbani, kisha tukalaumu? Mwenyekiti aliyekuwa mtetezi, akiingia katika mkutano wenye watu 12, hana nguvu mbele ya Mtendaji wala mbele ya wilaya. Hawezi kusema, "Wananchi wamekataa," kwa sababu wananchi hawakuwapo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

6. Na wanaokata tamaa?

Tunajua wapo wanaosema moyoni, "Padre, haya yote ni bure. Kura zetu hazihesabiwi." Hatuwezi kuwajibu kwa maneno matamu. Mwezi Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama kadhaa vikajitoa, na vijiji vingi vikapata viongozi waliopita bila kupingwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 nao uliacha malalamiko. Na damu iliyomwagika wakati wa uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 imeliachia taifa letu msiba na maswali ambayo hayatazikwa kwa kunyamaza. Anayesema ameumia, anasema kweli.

Hata hivyo kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, chatusimulia jinsi miti ilivyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kuacha mafuta yake, mtini ukakataa kuacha utamu wake, mzabibu ukakataa kuacha divai yake. Mwishoni ukakubali mchongoma, usio na tunda wala kivuli cha kufaa. Mchongoma haukunyakua ufalme kwa nguvu. Ulikipata kiti kwa sababu miti yenye matunda ilijiona na kazi nyingi. Uchaguzi uliovurugwa ni dhambi ya waliouvuruga. Lakini mkutano wa kijiji tusiohudhuria, fomu tusiyoisoma, na sukari tuliyoipokea, hayo hatuwezi kuyaweka mlangoni pa mtu mwingine.

Wala kazi ya mtetezi haingoji kiti. Akienguliwa, mizani bado ipo ya kukaguliwa, na Songwe itafurika tena. Kama tulijifunza kusimama naye wakati wa kugombea, tutasimama naye pia baada ya kushindwa, na huenda siku hiyo ndiyo atakayotuhitaji zaidi. Mgombea aliyeshindwa huchekwa, hukopwa heshima yake, na majirani humkwepa wasije wakaonekana naye. Jumuiya iliyomtuma isimwache apite peke yake katika aibu hiyo. Mwendeeni nyumbani, mketi naye, mumrudishie daftari lake na kumwambia kazi ingalipo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kitongoji chetu, ni nani hutetea wenzake bila cheo? Tumewahi kumsaidia kwa njia gani?

2. Mkutano mkuu wa kijiji wa mwisho ulifanyika lini? Wangapi katika jumuiya yetu walihudhuria, na mapato na matumizi yalisomwa?

3. Mgombea akija na zawadi, familia zetu zitamjibuje? Mgombea akija mikono mitupu, tutamjibuje?

4. Ni wanawake gani na vijana gani tunaowaona wanafaa kuongoza? Ni nini kinachowazuia, na sisi tutaondoa kizuizi kipi kabla ya uchaguzi ujao?